Kujitolea Si Kutumwa

(Hotuba ya mwalimu mstaafu wa kisomo, iliyotolewa mkoani Ruvuma katika sherehe ya wahitimu wa darasa la kusoma na kuandika)

 

Kwanza nawapongezeni wahitimu. Mmesoma mkiwa na kazi za shamba, na watoto mgongoni, na wengine mkiwa na macho yaliyochoka. Hongereni sana.

Nimeombwa niseme machache juu ya vijana na kazi za kujitolea. Aliyeniomba ni mwenyekiti wetu wa kijiji. Aliniambia hivi: "Mwalimu, hebu waseme hawa vijana. Siku hizi kengele ya kazi ya kijiji ikilia, wanaokuja ni wazee na akina mama. Vijana wako barabarani na pikipiki zao." Nikamjibu, "Nitawasema. Lakini na sisi wakubwa nitatusema." Akacheka. Leo sijui kama atacheka.

Sasa basi, tuanze. Tujiulize swali moja tu. Je, vijana wetu ni wavivu? Au kuna jambo tuliloliharibu sisi wenyewe?

Ili tujibu vizuri, nitawarudisha nyuma kidogo.

VIJANA WA LITOWA

Hapa hapa mkoani kwetu, upande wa Songea, kuna kijiji kiitwacho Litowa. Wazee mnakijua. Vijana wengi hamjui kilivyoanza.

Mwaka 1960 nchi yetu ilikuwa haijapata Uhuru. Kundi dogo la vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU likaamua kwenda kuanzisha kijiji na kulima pamoja. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Hawakulipwa mshahara. Hakuna mkubwa aliyewapa amri. Walikaa, wakazungumza, wakakubaliana, wakaenda.

Je, walifaulu mara moja? Hapana! Mara ya kwanza walishindwa. Chakula kilikuwa shida, wakatawanyika. Watu wengine wangesema, basi, yameisha. Lakini mwaka 1961 walirudi tena. Walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba mtu mwenye njaa hajengi kijiji.

Safari hiyo walikaa. Wakalima, wakajenga. Watu wa vijiji vingine wakaja kuona, nao wakaanza kwao. Vijiji hivyo vikaungana na kufanya chama chao, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Kufika mwaka 1969 vijiji vya chama hicho vilikuwa 17. Walikuwa na kinu cha kusaga nafaka. Walikuwa na shule yao hapo Litowa. Watoto walisoma, wakalima, na wakashiriki katika kupanga mambo ya shule yao. Palikuwa na mahali pa kulelea watoto wadogo, ili mama aende kazini bila wasiwasi.

Mwalimu Nyerere aliyaona mambo ya Litowa na kuyapenda. Mwaka 1967 aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea na juu ya Ujamaa Vijijini. Watu waliochunguza historia wanasema kwamba Litowa ni moja ya mahali palipompa moyo wa kuandika hayo.

Sasa nataka mshike jambo moja. Siri ya Litowa haikuwa jembe. Majembe yako kila mahali. Siri ilikuwa mkutano. Wanakijiji walikutana wakaamua wenyewe tulime nini, tujenge nini, mapato tuyagawe vipi. Wanawake nao walikuwa wanachama, wakikaa mkutanoni. Mtu aliyekata shauri asubuhi ndiye aliyeshika jembe mchana. Mtu wa namna hiyo humpigii kengele. Anakuja mwenyewe.

MGENI ALIYEKUJA KUKAA

Litowa ilikuwa na mgeni pia. Aliitwa Ralph Ibbott, Mwingereza. Kazi aliyosomea ni kukadiria gharama za majengo. Kabla ya kuja kwetu alikaa katika shamba la ushirika nchini Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe. Alikuja na mkewe na watoto wao, wakakaa kijijini miaka kadhaa.

Huyu hakuwa mkubwa wa kijiji. Alikuwa mshauri. Alisaidia mambo ya hesabu, barua na kutafuta misaada. Lakini uamuzi ulikuwa wa wanakijiji.

Nasema habari za mgeni huyu kwa sababu hata leo tunapata wageni wa kujitolea. Tangu mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wa kujitolea kutoka Marekani, wale wa Peace Corps. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa nao ulianzisha mpango wake wa watu wa kujitolea. Mwaka 1985 Umoja huo ukaichagua tarehe 5 Desemba kuwa siku ya watu wa kujitolea duniani kote. Kwa hiyo jambo hili si la kijiji chetu tu. Kijana wa Songea, kijana wa Kampala, kijana wa London, wote wanaambiwa: jitolee, dunia iwe na usawa.

Vizuri. Lakini usawa ni nini? Kama mgeni anakuja na uamuzi mkobani, na mwenyeji anabeba mchanga tu, huo si usawa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji anyamaze.

JINSI LITOWA ILIVYOVUNJWA

Ndugu zangu, hadithi hii ina mwisho mchungu, nami sitauficha.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikata shauri kwamba chama kile cha vijiji kivunjwe. Baadhi ya viongozi hawakupenda kuona wakulima wanajiamulia mambo yao pasipo wao. Mali za chama zikachukuliwa, pamoja na kile kinu. Ibbott na familia yake wakaondoka. Wanakijiji walibaki na mashamba yao, lakini kitu kingine kilikuwa kimeondoka.

Halafu, kuanzia mwaka 1973 hadi 1976, kukaa vijijini kukawa amri nchi nzima. Operesheni Vijiji. Wazee mnakumbuka. Mahali pengine watu walipelekwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa. Kijiji kilekile ambacho vijana wa Litowa walikwenda kukijenga kwa hiari, sasa watu wengine walikwenda kukijenga kwa woga.

Tazameni tofauti. Kijiji ni kijiji. Jembe ni jembe. Lakini wa kwanza alijitolea, wa pili alitumwa. Wa kwanza alishindwa akarudi tena. Wa pili alitafuta njia ya kukimbia.

Hapo ndipo nilipopata jina la hotuba yangu. Kujitolea si kutumwa.

WALIMU WA KISOMO

Msidhani kwamba miaka hiyo yote ilikuwa ya amri tu. Hapana. Kulikuwa na jambo jingine kubwa lililofanywa na vijana, nami nilikuwamo.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa Tanzania Bara, kama 67 hivi hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukafanywa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 TANU ikaazimia kufuta ujinga wa kusoma na kuandika nchini kabla mwaka 1975 haujaisha. Lakini walimu watatoka wapi? Walimu wa shule hawakutosha. Kwa hiyo wakatafutwa watu wa kujitolea. Wengi wao walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi.

Mimi mwaka 1974 nilikuwa na miaka 16. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimekaa nyumbani. Nikapewa ubao, chaki na watu wazima 24 chini ya mwembe. Posho yetu ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Haikuwa mshahara. Lakini ilinunua sabuni na chumvi, na ilikuwa heshima.

Siku ya kwanza mzee mmoja alikataa kushika kalamu. Akasema, "Mtoto hawezi kumfundisha baba yake." Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Wewe nifundishe kukausha tumbaku, mimi nikufundishe kuandika uzito wa tumbaku yako." Akanitazama sana. Kesho yake alikuja amekaa mbele.

Msimu ule alipeleka mzigo wake kwenye mizani. Karani akasoma uzito, mzee akasema, "Ngoja kwanza." Akatoa kijikaratasi, akaandika mwenyewe. Halafu akasema, "Soma tena." Karani akasoma tena, na safari hii uzito ukawa mkubwa zaidi! Mzee yule hakunishukuru kwa maneno. Alinipa jogoo.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakazungumza, halafu wakachimba vyoo. Waliofunzwa kuongoza vikundi walikuwa kama watu 75,000. Walioshiriki nchi nzima walifika kama milioni mbili. Jambo la kujifunza ni hili: watu hawakuambiwa "chimba choo" tu. Kwanza walikaa wakaulizana, "Kwa nini watoto wetu wanaharisha?" Walipopata jibu lao, wakachimba.

Matokeo ya kisomo yalionekana. Kufika mwaka 1986, Serikali ilihesabu kwamba wasiojua kusoma walibaki kama 10 tu kati ya watu wazima 100. Kutoka 67 hadi 10! Kazi hiyo sehemu kubwa ilifanywa na watu wa shilingi 30.

Lakini baadaye ikawaje? Miaka ya 1980 uchumi ulikuwa mgumu. Posho zikachelewa, mahali pengine hazikuja kabisa. Vitabu vikachakaa. Walimu wa kujitolea wakaacha, mmoja mmoja. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 15 na zaidi, kama 22 hawakujua kusoma na kuandika. Tulirudi nyuma. Ndiyo maana ninyi wahitimu mmesoma ukubwani, kazi ambayo ilikuwa karibu kwisha.

Mtu wa kujitolea naye ana tumbo. Kujitolea si kutupwa.

MATOFALI YETU

Sasa nifike nyumbani. Hapa nitasema kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2014 kijiji chetu kilitaka kuongeza madarasa ya shule. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Tukaita vijana wajitolee kufyatua na kuchoma matofali. Walikuja wengi. Walifyatua matofali 20,000, wakakata kuni, wakapanga tanuru, wakalala nje usiku wakichunga moto. Mimi niliandika majina yao katika daftari. Vijana 41.

Fundi alipokuja, alisema matofali 12,000 yanatosha. Yale 8,000 yaliyobaki kamati tuliyauza, tukanunua saruji na mabati. Hatukula hata senti moja. Stakabadhi ninazo mpaka leo. Lakini hatukuitisha mkutano. Hatukuwaambia vijana. Wao waliona lori limekuja, limebeba matofali yao, limeondoka.

Mwaka uliofuata tukapiga kengele ya kutengeneza barabara. Walikuja vijana saba. Tukasema nini? Tukasema, "Vijana wa siku hizi ni wavivu."

Ndugu zangu, hatukuiba fedha. Tuliiba habari. Na mtu ukimnyima habari za jasho lake, ni sawa na kumwambia jasho lake ni la punda.

Lakini kuna kosa kubwa kuliko hilo, ambalo sikuliona kwa miaka mingi. Nilionyeshwa darasani, na mwanafunzi.

Mnajua darasani kwetu vitabu ni vichache. Siku moja nilichukua lile daftari la mwaka 2014 tulitumie kusoma majina. Majina ya watu unaowafahamu ni rahisi kusoma. Mama mmoja kijana, ambaye leo yumo humu katika wahitimu, alipewa zamu. Alisoma kwa kidole, polepole, jina moja moja, mpaka jina la 41. Kisha akarudi juu, akaanza tena. Nikamwambia, "Umekwisha, umesoma vizuri." Akasema, "Mwalimu, natafuta langu."

Nikamwuliza, "Lako?" Akasema, "Mimi nilichota maji ya yale matofali. Tulikuwa wasichana kumi na tisa. Tulipanda mlima na ndoo kichwani wiki tatu. Mbona hatumo?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli tofali halifyatuliwi kwa udongo mkavu. Bila maji yale, hakuna tofali hata moja. Lakini mimi niliandika walioshika kibao cha kufyatulia, sikuandika walioshika ndoo. Na si kwa ubaya. Nilidhani kuchota maji ni kazi ya wasichana tu, haina haja ya kuandikwa.

Tunataka usawa duniani. Tunalaumu nchi tajiri kwamba haziwahesabu maskini. Na sisi je? Tulikuwa na daftari moja, kalamu moja, na wasichana kumi na tisa hatukuwahesabu.

WALIMU WETU WA LEO

Tena kuna jambo la leo. Katika shule zetu nyingi za vijijini kuna vijana waliosoma ualimu ambao hawajapata ajira. Wanafundisha kwa kujitolea. Wazazi huahidi kuwachangia chakula au fedha kidogo. Mwezi wa kwanza tunatoa. Mwezi wa pili wanatoa nusu yetu. Mwezi wa tatu kijana anakopa unga.

Nani anaweza kufundisha bila kula? Ni yule tu ambaye baba yake ana uwezo wa kumtumia fedha. Mtoto wa maskini, hata kama ni mwalimu mzuri kuliko wote, ataacha akatafute kibarua. Mwaka kesho kukiulizwa nani ana uzoefu wa kazi, mtoto wa mwenye uwezo atainua mkono. Kwa njia hiyo kujitolea kunaweza kuleta hiyo hiyo tofauti tunayotaka kuiondoa. Tusicheze na jambo hili.

TUFANYE NINI?

Msiseme mwalimu amelaumu tu, hakuonyesha njia. Nina mambo matano.

Kwanza, tuamue pamoja kabla ya kupiga kengele. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inatupa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuingia na kusema. Mkutano huo unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu. Vijana, msikae nje mkisubiri kuitwa kubeba. Ingieni ndani mkaamue kitakachobebwa. Nanyi wazee, kijana akinyoosha mkono, apewe nafasi. Asiambiwe "wewe mtoto wa juzi."

Pili, tuandike kila mtu na kila kazi. Aliyefyatua aandikwe. Aliyechota maji aandikwe. Aliyepika uji wa wafanyakazi aandikwe. Aliyebaki kuwalea watoto wa wenzake naye aandikwe. Wahitimu, kazi hii ni yenu. Mnajua kuandika sasa. Shikeni madaftari.

Tatu, hesabu zisomwe mkutanoni na zibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kilichopatikana ni hiki, kilichotumika ni hiki, kilichobaki ni hiki. Ziandikwe kwa herufi kubwa. Zamani ilikuwa rahisi kusema, "Hata tukibandika, nani atasoma?" Leo jibu lipo. Mtasoma ninyi.

Nne, anayejitolea asife njaa. Kama ni kazi ya siku moja, uji unatosha. Kama ni kazi ya miezi, kama kufundisha, kijiji kikubaliane mapema: debe ngapi za mahindi, nyumba ipi ya kukaa, nani atakusanya, siku gani. Na kama hatuwezi, tuseme hatuwezi. Ahadi ya uongo ni mbaya kuliko kunyimwa. Tena tusimtumie kijana wa kujitolea kwa miaka na miaka katika kazi ambayo ingepaswa kuwa ajira ya mtu. Tuendelee kudai mwalimu aajiriwe.

Tano, mgeni wa kujitolea tumpokee kwa mikono miwili, lakini tumwulize. Umekuja kukaa muda gani? Kazi hii ameichagua nani? Ukiondoka, nani ataitunza? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi naongeza: ukimpa jembe, mpe na kiti mkutanoni, akae asikilize. Akitusaidia kufanya tuliyoyaamua, huyo ni ndugu yetu, awe ametoka Dodoma au Ulaya. Na sisi tuwe tayari kwenda kwa wengine. Wanakijiji wa Litowa walipopata uzoefu, baadhi yao walikwenda kukaa na kufanya kazi katika vijiji vingine vilivyokuwa vinaanza. Hawakusubiri watajirike kwanza.

NENO KWA VIJANA

Ndugu vijana, nimewatetea sana. Sasa nanyi mnisikilize.

Kosa letu wakubwa lisiwe kisingizio chenu. Wale wa Litowa nao walikuwa na sababu nyingi za kukata tamaa. Shule hii ni ya wadogo zenu. Kisima kikikauka, mtakunywa wapi? Pikipiki ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini barabara ikiharibika hata pikipiki haipiti.

Wala msidhani kujitolea ni kubeba mizigo tu. Mwenye kujua simu amsaidie mkulima kuuliza bei ya mahindi mjini. Mwenye kidato cha nne amsaidie mama kuandika barua ya kudai haki ya shamba la marehemu mumewe. Mwenye miguu tu, aende kwa mzee asiyejiweza akamkatie kuni. Haba na haba hujaza kibaba.

Na mkiona hesabu hazisomwi, msiondoke kimya kimya. Njooni mkutanoni, mseme, "Tunaomba kusomewa." Hiyo nayo ni kazi ya kujitolea, na ni ngumu kuliko kufyatua tofali.

MWISHO

Mwenyekiti, namalizia.

Katika Mkutano Mkuu ujao tutazungumza juu ya nyumba ya mwalimu. Najua mnataka kupiga kengele ya matofali. Naomba kitu kimoja. Kabla ya kengele, nipeni nafasi nisimame na lile daftari la mwaka 2014. Nitasoma hesabu za matofali 8,000, na stakabadhi nitazileta. Halafu nitaomba radhi. Na yule mama kijana amekubali kukaa kando yangu na kalamu. Ataita wenzake kumi na nane, hata walioolewa vijiji vingine tutawatafuta, na majina yao yataandikwa chini ya jina la 41, yeye mwenyewe akiandika, mpaka jina la 60.

Baada ya hapo tuwaulize vijana: Je, mnaonaje, tujenge nyumba ya mwalimu au kuna jambo linalotangulia? Wakisema nyumba, kengele haitakuwa na kazi. Wakisema kuna jambo jingine, tuwasikilize.



MASWALI YA MAZUNGUMZO KATIKA KIKUNDI

1. Vijana wa Litowa walishindwa mara ya kwanza. Kwa nini walirudi? Je, kijijini kwenu kuna kazi iliyoshindikana ambayo inafaa kurudiwa?

2. Kuna tofauti gani kati ya kujitolea na kutumwa? Toeni mifano miwili ya kijijini kwenu.

3. Ni kazi gani za wanawake na wasichana ambazo haziandikwi wakati wa kazi za kijiji? Ziandikeni hapa kikundini.

4. Mara ya mwisho hesabu za kijiji zilisomwa lini? Nani atauliza katika mkutano ujao?

5. Kila mmoja aandike sentensi moja: "Mimi nitajitolea ku..." Halafu amsomee jirani yake.